Fedha za Umma Zinunue Majibu: Utafiti wa Betri katika Nyanda za Juu Kusini

(Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Mbeya)

  

Nimeombwa nizungumzie fedha za serikali katika utafiti wa betri na katika miradi ya mfano. Lengo langu nalitaja mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Nataka kuonyesha kwamba serikali ina sababu ya kutoa fedha hizo, kwamba mikoa yetu inafaa kuzipokea, na kwamba zisitolewe kwa mtindo tuliouzoea. Mtindo huo mnaujua: kifaa kinanunuliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na miaka mitatu baadaye hakuna anayeweza kukuambia kifaa kilifanya kazi siku ngapi na kwa nini kilizima. Msimamo wangu ni kwamba fedha za umma zinunue majibu. Kifaa ni njia tu ya kuyapata. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Ujuzi wa betri hukomaa polepole, na mfuko binafsi hausubiri

Tuanze na historia, kwa ufupi. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katika tabaka za kemikali nyingine bila kuzivunja. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford wakapata kathodi yenye nguvu zaidi kwa kutumia kobalti. Akira Yoshino wa Japani akaunda mwaka 1985 betri iliyo salama kuuzwa, na Sony ikaipeleka sokoni 1991. Mwaka 2019 wazee hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, hii iliyojaa leo katika maduka ya sola, nayo ilitoka kwenye maabara ya Goodenough, safari hii Chuo Kikuu cha Texas, katika miaka ya 1990.

Pigeni hesabu. Kutoka Oxford hadi dukani ni miaka 11. Kutoka dukani hadi bei ambayo mkulima anaweza kuifikiria ni zaidi ya miaka 20 mingine. Mwaka 2010 pakiti ya lithiamu yenye kuhifadhi uniti moja ya umeme, uniti ileile mnayoinunua kwa LUKU, iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024, kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Hakuna mfanyabiashara wa Mwanjelwa, hata awe na moyo mkubwa namna gani, atakayeweka mtaji pale ambapo faida itaonekana kwa wajukuu. Hapo ndipo serikali inapohitajika.

Lakini serikali nayo inaweza kukosea mahali pa kuweka fedha. Mwaka 2009 Marekani ilitenga dola bilioni 2.4 kwa viwanda vya betri na magari ya umeme. Kampuni moja, A123 Systems, iliyochipuka katika utafiti wa chuo cha MIT, ilipewa ruzuku ya dola milioni 249. Wanunuzi wa magari ya umeme walikuwa bado wachache, baadhi ya betri zake zikatoka na kasoro, na Oktoba 2012 ikafilisika. Mali yake ikanunuliwa na Wanxiang ya China. Wapo wanaosema funzo ni serikali kukaa kando. Mimi naona funzo jingine: fedha ile ilijenga ukubwa wa kiwanda kabla ya soko kuthibitika na kabla ya matumizi ya kweli kufichua kasoro. Mradi wa mfano upo kwa ajili hiyo, kasoro ijulikane ikiwa bado ndogo.

Majirani zetu wameonja pande zote mbili za jambo hili. Uganda, kwa fedha za serikali, iliwapa vijana na wahadhiri wa Makerere nafasi ya kuunda gari la umeme la Kiira EV, lililozinduliwa 2011, kisha basi la Kayoola la mwaka 2016. Seli za betri zilitoka nje. Vijana walichojifunza ni kuziunganisha, kuzisimamia na kuzilinda ndani ya chombo kinachotembea, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja. Malawi nayo, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumulu, ina mtambo wa sola wa Golomoti wilayani Dedza: megawati 20 za sola na betri ya megawati 5 yenye kuhifadhi uniti 10,000, iliyoanza kazi 2022. Sehemu ya betri ilisaidiwa na ruzuku ya Innovate UK, shirika la serikali ya Uingereza linalofadhili ubunifu. Tazameni jambo hilo vizuri. Mlipakodi wa Uingereza alilipia jaribio Dedza, na ujuzi wa kujaribu ukaenda kwa aliyelipa pamoja na aliyekuwa pale kushika spana. Sisi hatukuwa hata mmoja kati ya hao.

Hoja ya pili: Nyanda hizi ni maabara ambayo hatuhitaji kuijenga

Ukifungua boksi la betri yoyote, karatasi iliyomo ndani hutaja uwezo na umri wa betri kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Nani hapa anaishi kwenye nyuzi 25 usiku na mchana?

Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake mnalijua. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, na usiku wa Juni na Julai umande huganda majanini. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa saa chache kwa gari. Sasa sikilizeni kemia yake. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu haingii vizuri ndani ya anodi; hujipaka juu yake kama utando wa metali, na utando huo haurudi tena kazini. Betri inapungua uwezo kimyakimya, na utando ukikua unaweza kusababisha shoti ndani ya seli. Kwa upande wa joto, mafundi wa betri za risasi wana kanuni yao: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Kwa hiyo betri mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, moja inaweza kuharibiwa na baridi Kitulo na nyingine kuharibiwa na joto Kyela, kwa sababu mbili tofauti kabisa. Hata inveta huathirika na mwinuko, maana hewa nyepesi haipoozi vyuma vizuri. Tafiti nyingi za betri zimefanywa katika maabara zenye kiyoyozi. Swali la zahanati ya Matamba, kule Makete, halijaulizwa huko.

Tunayo pia mifumo ya umeme ya kujifunzia. Wilayani Mufindi kuna mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, uliowashwa 2012, unaolisha mashamba ya chai na vijiji kwa mtandao wake wenyewe. Mwaka 2020 ukaongezewa mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4, kwa sababu upepo wa kule huvuma wakati wa kiangazi, mto unapopungua. Maji na upepo vikiwa katika mtandao mmoja mdogo, mtafiti wa betri angetaka nini zaidi?

Najua vijana wa uhandisi mna swali linalowawasha: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, betri za nini tena? Swali zuri. Bwawa ni hifadhi ya majira, betri ni hifadhi ya saa, na kila moja ina kazi ambayo nyingine haiwezi. Bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Iringa na Dodoma, halizalishi umeme maji yakishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2006 tuliona matokeo yake kwa mgao. Maji ya Ruaha Mkuu yanayolilisha hutoka hukuhuku kwetu, Usangu, na tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Umeme ukishazalishwa, bado hutufikia kwa njia ndefu ya kilovolti 220 kutoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi. Njia mpya ya kilovolti 400 kuelekea Tunduma na Zambia itasaidia sana. Hata hivyo mwenye mashine ya mpunga Ubaruku na mwenye tangi la kupoozea maziwa Rungwe hawaulizi nchi ina megawati ngapi. Wanauliza umeme ukikatika nusu saa jioni, nani atabeba hasara. Betri inaweza kubeba nusu saa hiyo. Kwa gharama gani, na kwa miaka mingapi? Hilo ndilo jibu la kununua.

Hoja ya tatu: Tuchague utafiti tunaouweza na unaotuhusu

Kila nikihudhuria mkutano wa madini husikia kwamba Tanzania itatengeneza betri kwa kuwa ina madini. Ni kweli tuna kinywe Mahenge na kusini, nikeli Kabanga, na dalili za lithiamu Hombolo. Lakini kinywe kikitoka kwenye mtambo wa kuchenjulia kikiwa na usafi wa asilimia 95 bado ni bidhaa ya mgodi. Ili kiwe anodi lazima punje zake ziviringishwe, zisafishwe hadi asilimia 99.95 na zipakwe kaboni, na katika kuviringisha sehemu kubwa huishia kuwa vumbi. Thamani iko katika hatua hizo, na hatua hizo ni utafiti wa kikemia ambao vyuo vyetu vinaweza kuuanza kwa kilo chache.

Niruhusuni pia nisahihishe jambo moja linalosemwa sana vijiweni. Madini adimu ya Ngualla, mkoani Songwe, si madini ya betri. Kazi yake kubwa ni sumaku za mota. Niobiamu ya Panda Hill, hapa jirani, kwa kiasi kikubwa huenda katika chuma, ingawa watafiti wanaijaribu katika anodi. Madini ambayo ningependa vijana wa Mbeya na Iringa wayatazame ni vanadi iliyomo katika chuma cha Liganga, Ludewa. Betri ya vanadi huhifadhi umeme katika kimiminika kinachopigwa pampu kutoka kwenye matangi. Ni nzito, haifai bodaboda, lakini kimiminika chake hakichakai kama seli za kawaida. Iliendelezwa katika miaka ya 1980 na Maria Skyllas-Kazacos na wenzake katika chuo kikuu cha umma nchini Australia. Kwa kijiji au kituo cha umeme, uzito si hoja. Je, vanadi ya Liganga inaweza kutolewa kwa usafi unaotakiwa na kwa bei inayovumilika? Swali hilo ni letu kabla halijawa la mtu mwingine.

Sasa nataka mafundi wasogee kidogo. Mezani hapa nimeweka betri ya lithiamu ya volti 12, amperi-saa 100, iliyotupwa kama mbovu. Ikiwa nzima huhifadhi takribani uniti moja na robo. Tumefungua kifuniko. Ndani kuna seli nne za volti 3.2 zilizofuatana, na bodi ndogo ya kuzisimamia. Naweka waya za mita: ya kwanza 3.2, ya pili 3.2, ya tatu 3.2. Ya nne, 1.9. Seli moja imeshuka chini ya volti 2.5, bodi ikafanya ilivyoagizwa, ikazima betri nzima. Mwenye nayo ameona betri imekufa, kumbe robo tatu yake ni nzima. Fundi mwenye mita, seli za akiba na mafunzo ya kupanga seli zinazolingana anaweza kuirudisha kazini. Asiye na mafunzo anaweza kuiwasha moto pamoja na nyumba.

Huo ni utafiti halali wa kufadhiliwa: namna ya kupima seli zilizotumika, kuzipanga, kuzipa kazi ya pili na kujua ni wakati gani zikataliwe. Hauhitaji kiwanda cha mabilioni. Unahitaji chumba salama, vifaa vya kupimia, chuo kama MUST, kilichoanza kama Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, na VETA za Mbeya na Iringa zikikaa meza moja na mafundi wa mitaani.

Hoja ya nne: Mradi usiolipia mwisho wa betri haujalipiwa

Sina haja ya kurefusha hapa, maana mfano wake unajieleza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya miaka ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Sisi nasi tunamwaga maji ya betri mtaroni. Tunavunja betri za risasi uani, watoto wakicheza pembeni, kwa kuwa risasi ina mnunuzi na asidi haina. Kwa hiyo kila ruzuku ya betri iwe na fungu lake la kukusanya na kusafirisha betri zilizokufa, na sehemu ya utafiti ielekezwe kwenye urejelezaji. Mpango usioonyesha betri ya mwaka wa 8 itakwenda wapi urudishwe kwa mwombaji.

Hoja ya tano: Masharti ya fedha ni muhimu kuliko kiasi chake

Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Januari 2007, walihimiza kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tuendelee kuidai. Vyombo vya kupokea fedha tunavyo: Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na Wakala wa Nishati Vijijini una uzoefu wa kutoa ruzuku tangu 2007. Lakini fedha nyingi bila masharti zitatuletea betri nyingi zisizo na historia. Napendekeza masharti manne.

Kwanza, swali liandikwe kabla ya hundi. Mwombaji aseme anataka kujua nini, na jibu la ndiyo au hapana litatambuliwaje.

Pili, vipimo viwe mali ya umma. Joto, chaji, uniti zilizoingia na kutoka, siku za kuzima na sababu zake, vyote vitolewe kwa Kiswahili, vibandikwe hata kwenye ofisi ya kijiji.

Tatu, fedha zitoke kwa awamu, na mradi ulioshindwa ulipwe sehemu yake ya mwisho pale tu unapoeleza ulishindwa vipi. Leo anayeshindwa hunyamaza ili asinyimwe fedha kesho, na mwingine anarudia kosa lilelile wilaya ya pili.

Nne, fundi wa mahali hapo awe na mshahara ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Asiitwe wakati wa kubeba mizigo tu.

Nitoe mfano wa jaribio ambalo lingeweza kuanza bila kujenga jengo lolote. Vituo vitatu: zahanati moja Makete kwenye baridi, mashine ya mpunga Mbarali kwenye vumbi na tambarare, na kituo cha afya Kyela kwenye joto. Aina tatu za betri katika kila kituo: risasi, lithiamu mpya, na lithiamu iliyofufuliwa kutokana na seli zilizotumika. Mita za aina moja, misimu miwili ya mvua na viangazi vyake. Mwisho wake tungekuwa na jedwali la kurasa chache linalomwambia mganga mkuu wa wilaya anunue nini na asinunue nini. Jedwali hilo lingekuwa na thamani kuliko kontena la betri za msaada.

Hitimisho

Ndugu zangu, betri zitaingia Nyanda za Juu Kusini tukitaka tusitake. Zimeshaanza kuingia kwa malori kupitia Kitonga na kupitia Tunduma, na zitaongezeka kadiri bei inavyoshuka na kadiri bajaji za umeme zinavyozoeleka. Mwaka 2030, ambao ndio shabaha ya mpango wa Mission 300 wa kusambaza umeme Afrika, uliojadiliwa Dar es Salaam Januari 2025, hauko mbali. Swali lililobaki ni kama tutazipokea kama wateja au kama watu wanaojua kuzipima.

Kwa waheshimiwa madiwani: bajeti ya halmashauri ikiletwa kwenu na mstari wa kununua betri, ulizeni uko wapi mstari wa kuzipima na wa kuzirudisha. Kwa wahadhiri: andikeni maombi yenye swali moja linalojibika, na muwaweke mafundi majina yao ndani. Kwa vijana: ujuzi wa kupima seli unaanza na mita ya bei nafuu na nidhamu ya daftari. Na kwa serikali yetu, ombi langu ni fupi: kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, daini swali, kabla ya kutoa ya mwisho, daini jibu, na jibu hilo mtupe sote.

 Sasa karibuni kwa maswali, tukianza na mafundi.